Sura ya Sita: Jina Lenye Nyota

Nyota ilikuwa ndogo kama mbegu ya ufuta. Ilichorwa kwa wino mweusi mbele ya jina la Hamza, juu kidogo ya mstari, na Muneera aliiona kabla hajasoma neno jingine lolote katika barua ile.

Aliilaza mezani, kando ya kompyuta, akaisoma yote kuanzia juu. Ilikuwa barua ya posa. Nasibu aliiandika kwa mkono, kwa mwandiko wake ulionyooka, akimwomba Mzee Yacoob amkubalie kumwoa binti yake, Muneera mwenyewe. Chini ya salamu na maombi palikuwa na nasaba, kwa kuwa Mzee Yacoob alikuwa ametanguliza sharti: mgeni yeyote atakaye mke katika nyumba yake alete majina ya baba zake, saba akiweza. Nasibu alikuwa ameleta manne. La kwanza, la baba yake mzazi, ndilo lililokuwa na nyota; matatu yaliyofuata yalikuwa ya babu zake wa upande wa mama.

"Futa hii," alisema Muneera.

Nasibu alikuwa amesimama dirishani, mikono mfukoni. Hakuuliza ipi. "Siwezi."

"Nyota moja, Nasibu."

"Nikiifuta hiyo, itabidi nifute na zile." Alielekeza kidevu kwenye masanduku ya kadi yaliyopangwa ukutani, kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua.

Ilikuwa Ijumaa alasiri, mwezi wa Agosti mwaka 1998, katika fleti ya ghorofa ya pili huko Umbilo, mjini Durban. Fleti ilikuwa ya Bi Velta, mwalimu mstaafu wa isimu, mzaliwa wa Latvia, aliyekuwa akiandika sarufi ya lugha ya kwao kwa mwaka wa ishirini sasa. Muneera alimpigia chapa. Nasibu, mwanafunzi wa shahada ya pili kutoka Masasi, Tanzania, alimpangia kadi. Kwa miezi kumi na minne wawili hao walikaa pande mbili za meza moja. Kila kadi ilitoka mkononi mwa Nasibu ikaingia mkononi mwa Muneera, na kadi zilikuwa elfu sita. Vidole vyao havikuwahi kugusana, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake alikuwa akijihadhari.

Siku yake ya kwanza kazini Muneera aliuliza nyota zile ni za nini. Nasibu alimchomolea kadi tatu akazipanga mbele yake. Moto kwa Kilatvia: *uguns*. Kwa Kilatini: *ignis*. Kwa Kisanskriti: *agni*.

Hilo la tatu Muneera alilijua. Alikulia Chatsworth, ukuta kwa ukuta na familia ya Kihindu, na utotoni aliwahi kusimama uani akimsikiliza kuhani akiliita jina hilo mbele ya moto wa harusi ya binti wa jirani. Hakupata kuwaza kwamba kaskazini kabisa, kwenye theluji, kulikuwa na watu walioukoka moto wao na kuuita kwa jina lililofanana na hilo.

Aliuliza walikutana wapi. Nasibu alimjibu kwamba hawakukutana. Walikuwa watoto wa mama mmoja, wakaachana miaka elfu tano au sita iliyopita, kabla yeyote kati yao hajajua kuandika. Lugha ya mama yao haikuacha hata herufi moja. Lakini ukiwaweka watoto wake pamoja, hasa wale walioachana zamani na wasisikilizane tena, ukakuta bado wanakubaliana kwa utaratibu usioyumba, unaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ulifikie neno alilolitamka mama. Hapo unaliandika, na mbele yake unaweka nyota.

"Nyota inasema nini?" aliuliza.

"Inasema: hili hakuna aliyelisikia. Nimelifikia kwa ushahidi. Nikikosea, nirekebishwe."

Jioni ile Muneera alisimama jikoni kwao, sufuria mkononi, akimsikiliza bibi yake akipiga soga na nduguye kwa Kimakua. Waswahili wakisema moto, bibi alisema *mooro*. Wakisema mti, alisema *mwiri*. Wakisema tatu, alisema *raru*. Kila penye t, bibi alikuwa na r, bila kukosea, kama mtu anayefuata sheria ambayo hakuna aliyemfundisha. Tangu utoto Muneera aliwasikia watu wakimcheka bibi kwamba anaharibu Kiswahili. Kumbe hakuwa anaharibu chochote. Alikuwa mtoto mwingine wa mama yule yule, na kumbukumbu za mama alikuwa nazo mdomoni wakati akilalamikia bei ya samaki. Muneera aliiweka sufuria chini, akasogea mlangoni asikie maneno mengine.

Asubuhi yake alimweleza Nasibu kabla hajavua koti. Nasibu alimtazama tu, muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, na yote yalianzia hapo.

Sasa alikuwa akimtazama vilevile, na Muneera alikasirika.

Alimwambia kwamba Baba hataisoma nyota ile kama wanavyoisoma wao. Mama ndiyo kabisa. Watu wao, Wamakua walioitwa Wazanzibari, walikuwa wachache mjini Durban, watu waliojuana kwa majina ya babu, na jambo la kwanza ambalo wangeuliza msikitini lingekuwa: huyu mtoto wa nani? Nasibu alimjibu kwa utulivu, na utulivu ule ulimkera zaidi. Mama yake alifariki yeye akiwa na miezi mitano. Baba yake aliondoka Masasi kabla ya hapo, akaenda Lindi kutafuta kazi, asirudi. Bibi aliyemlea alisema mtu yule aliitwa Hamza. Mjomba wake alisema Hemedi. Nasibu alikuwa ameandika barua kwa miezi sita, akampata mwanamke mmoja wa Lindi aliyewahi kumpangisha chumba baba yake, mwanamke asiyemjua bibi wala mjomba, naye akasema Hamza, fundi baiskeli.

"Basi jibu unalo," alisema Muneera. "Hamza."

"Jibu ninalo. Kumwona sikumwona."

"Na ndoa ya mama yako?"

"Ilifungwa. Bibi na mjomba wanakubaliana hapo, na hakuna jambo jingine duniani wanalokubaliana."

Muneera nusura acheke. Alijizuia, kwa sababu jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Kibali cha masomo cha Nasibu kilikuwa kinaisha Desemba. Mzee Yacoob akikataa Jumapili, hakutakuwa na posa ya pili. Alikwisha kusema hivyo. Naye Muneera alikwisha kujiambia, na sasa akamwambia Nasibu, kwamba hataolewa kwa mlango wa uani. Akikataliwa na baba yake, atabaki Chatsworth, na Nasibu atapanda ndege peke yake.

"Najua," alisema Nasibu.

"Unajua, na bado unaiacha."

"Ndiyo."

"Niambie kitu kimoja. Siku niliyokwambia nakupenda, uliweka nyota?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hapo nilikuwepo."

Muneera aligeuza uso kwenye kompyuta. Karibu na mkono wake palikuwa na chupa ndogo ya dawa nyeupe ya kufutia. Aliitazama. Tone moja lingetosha.

Mlango wa jikoni ulifunguka, akaingia Bi Velta na vikombe vitatu vya kahawa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, wa miaka sitini na kitu. Hakujua Kiswahili, kwa hiyo hakuwa amesikia ugomvi, lakini alikuwa na macho. Aliweka sinia chini, akaiona karatasi, akaona nyota mbele ya jina la mtu. Aliuliza kwa Kiingereza Hamza ni nani. Nasibu alimweleza kwa sentensi tatu.

Bi Velta aliketi. Alichukua ukurasa ambao Muneera alikuwa ameupiga chapa asubuhi, ukiwa umejaa herufi zenye vistari juu, akaugeuza ili Muneera auone. Ulieleza kwamba katika Kilatvia, mtu akisimulia jambo ambalo hakulishuhudia mwenyewe, kitenzi hubadilisha mwisho wake. Msikilizaji hana haja ya kuuliza ulikuwepo au uliambiwa. Neno lenyewe limekwisha kumwambia.

"Nilikuwa na miaka kumi na mmoja tulipokimbia vita," alisema Bi Velta. "Elfu moja mia tisa arobaini na nne. Baba alitusindikiza stesheni, akarudi nyumbani kufunga milango. Mwaka hamsini na moja barua ikaja kutoka kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Tangu siku hiyo, nikiulizwa habari zake, nasema *tēvs esot miris*. Baba amekufa, wanavyosema. Miaka arobaini na saba. Kuna mwisho mwingine wa neno, ule wa mtu aliyeona. Sijawahi kuthubutu kuutumia."

Alikunywa kahawa yake. Kisha akasema kwamba mstari wa kumi na mbili una kosa, Muneera amesahau kistari juu ya herufi ya mwisho.

Muneera alirekebisha kosa. Vidole vyake vilikuwa vizito juu ya kibodi. Aliwaza juu ya taifa zima, wakulima na wauza maziwa na watoto wa shule, watu wasiosoma vitabu vya isimu, ambao kila siku ya maisha yao walitenganisha mdomoni jambo waliloliona na jambo waliloambiwa, na kwamba mwanamke huyu alikuwa amembeba baba yake katika mwisho wa neno moja kwa karibu nusu karne, bila kumzika na bila kumdanganyia uhai. Aliisukuma ile chupa nyeupe mbali. Hakumwambia Nasibu kwamba amekubali, kwa sababu hakuwa amekubali. Alikunja barua, akaitia katika bahasha, akaibandika yeye mwenyewe.

Jumapili baada ya swala ya alasiri, Sultan aliileta Chatsworth.

Sultan alikuwa Mtanzania wa Tanga, mfanyakazi wa kiwanda cha rangi huko Jacobs, aliyeishi chumba kimoja na Nasibu huko Berea. Alikuwa mshenga kwa kukosekana mwingine. Alivaa koti la kuazima na kofia ya kushonwa kwa mkono, na njiani, kila walipokwama kwenye robot, zile taa za barabarani, alimrudia Nasibu kwa swali lile lile: kama mzee anataka majina saba, kwa nini asipewe saba? Babu wa saba nani atamfufua aje akane? Nasibu alitazama nje ya dirisha. Kwa desturi hakupaswa kuwapo, lakini hakuwa na ukoo mjini, na Mzee Yacoob alitaka amwone usoni.

Walipokelewa sebuleni. Mzee Yacoob alikaa kwenye kiti chake cha mbao, mwanawe Nabeel pembeni. Muneera na mama yake, Bi Zubeida, walikuwa nyuma ya pazia lililotenga sebule na jikoni, na sambusa zikipoa kwenye sahani. Kutoka chumba cha ndani zilisikika sauti za bibi na wadogo zake wawili, wakizungumza Kimakua kwa nguvu kama wafanyavyo watu wasiosikia vizuri.

Sultan alikuwa hodari wa maneno. Alianza kwa kumsifu Mungu, akamsifu mwenye nyumba, akasifu ukarimu wa Wazanzibari wa Durban kwa namna iliyomfanya Nabeel ainamishe kichwa asionekane anatabasamu. Kisha akafungua barua akaisoma. Alipofika kwenye nasaba alisema "Nasibu bin Hamza" kwa haraka, kama mtu anayeruka dimbwi, akaendelea.

Mzee Yacoob alinyosha mkono. Sultan hakuwa na la kufanya, alimpa barua. Mzee alivaa miwani, akasoma polepole. Kiswahili chake kilikuwa cha chuoni, alichofundishwa utotoni na mwalimu kutoka Unguja, na alikisoma kwa heshima ileile ambayo wengine huwawekea wageni.

"Hii ni nini hapa?" aliuliza.

"Urembo tu, Mzee wangu," Sultan aliwahi kujibu. "Vijana wa chuo kikuu, wanapenda nakshi."

Nyuma ya pazia Muneera alisogea kwenye upenyo. Njia ilikuwa imefunguliwa. Kilichotakiwa kwa Nasibu ni kunyamaza tu, na kunyamaza alikujua vizuri kuliko mtu yeyote.

"Si urembo, Mzee," alisema Nasibu.

Akaeleza. Alieleza bila kupamba, kama alivyokuwa amemweleza Muneera siku ya kwanza, isipokuwa sasa hakuzungumzia moto wala Kisanskriti. Alisema kwamba alama ile huwekwa mbele ya kitu ambacho hakuna shahidi aliyekisikia kwa sikio lake, kitu kilichofikiwa kwa kulinganisha. Alisema hakumwona baba yake, na kwamba waliomwona hawakukubaliana jina.

"Eish," alisema Nabeel. "Hoteli zenye nyota nimesikia. Bwana harusi mwenye nyota ndiyo mara ya kwanza."

Hakuna aliyecheka. Bi Zubeida alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Hajui baba yake," alinong'ona. "Muneera, umeniletea mtu asiyejua baba yake. Nitawaambia nini watu?" Machozi yalikuwa yamemjaa, na yalikuwa machozi ya kweli, hakuwa mwanamke mbaya, alikuwa mwanamke aliyeishi miaka hamsini kati ya watu wanaohesabu babu. Muneera alimshika mkono.

Sebuleni Mzee Yacoob aliuliza majina mawili ni yapi, na kwa nini amechagua hili akaacha lile. Nasibu alimpa mashahidi wake watatu, mmoja baada ya mwingine.

"Bibi yako huenda alidanganya," alisema mzee.

"Huenda. Lakini bibi alimchukia mtu yule, na yule mama wa Lindi alimpenda. Hawajuani. Wakikubaliana watu wawili wenye nia mbili tofauti, nawasikiliza."

"Na mjomba?"

"Mjomba nilimuuliza mara mbili, Mzee. Akataja majina mawili."

Mzee Yacoob alivua miwani. "Ungeniandikia Hamza tu. Ningeamini."

"Najua."

"Basi kwa nini umejiharibia?"

Muneera aliona kupitia upenyo wa pazia jinsi Nasibu alivyokuwa ameyashika magoti yake kwa nguvu, na kwa mara ya kwanza alielewa kwamba ule utulivu uliomkera Ijumaa haukuwa ukosefu wa hofu. Ulikuwa kazi.

"Watoto wa Muneera wataitwa kwa jina hilo," alisema Nasibu. "Siku wakitaka kujua zaidi yangu, nataka wajue pa kuanzia kunisahihisha."

Muneera alimwachia mama yake mkono, akasogeza pazia, akatoka. Binti hatoki siku ya posa yake. Nabeel alitazama pembeni kwa aibu. Sultan alitazama dari.

"Baba, mimi nilimwambia afute," alisema Muneera. "Nilimwomba, nikagombana naye. Dawa ya kufutia ilikuwa karibu na mkono wangu. Alijua ukikataa anarudi kwao Desemba bila mimi. Hakufuta."

Mzee Yacoob alimtazama binti yake, halafu barua, halafu tena binti yake. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mkaguzi wa mbao katika ghala moja la Jacobs. Alizigonga kwa kifundo cha kidole, akazisikiliza, akazichora chaki palipokuwa pameoza.

"Wauzaji nimewaona wa kila aina," alisema hatimaye. "Wanaopaka nta juu ya ufa. Wanaougeuzia chini. Aliyeleta mbao yake na ufa ameuzungushia chaki mwenyewe, huyo sikupata kumwona."

Alipoendelea, sauti ilikuwa chini, na hakuwa akizungumza na mtu yeyote hasa. Alisema kwamba kila mwaka, kwenye khitma, yeye ndiye anayesoma majina ya wazee wa nyumba hii. Majina saba. Baba wa babu yake ndiye aliyeshuka hapa Durban mwaka 1873, kijana mdogo, kutoka meli ya kivita ya Waingereza iliyowapokonya wauza watumwa mateka wao. Bandarini aliulizwa jina na karani asiyejua lugha yake, na karani akaandika alichosikia. Jina la tatu lilikuwa la huyo. Na manne yaliyo juu yake?

"Baba yangu alinipa mimi. Yeye alipewa na baba yake. Sikuuliza. Nayasoma kwa sauti mbele ya watu, kila mwaka, kana kwamba nilikuwepo." Alipitisha kiganja usoni. "Na wewe nimekutaka saba."

Bi Zubeida alikuwa amefika kwenye pazia na kusimama hapo, nusu ndani nusu nje. Muneera hakupata kumsikia baba yake akisema maneno haya, wala hakujua kwamba alikuwa nayo. Majina yale saba aliyajua kwa moyo tangu ana miaka sita. Aliyaona sasa yakisimama wima moja juu ya jingine, kama ngazi iliyoegemezwa mahali pasipo ukuta, nao wote wamekuwa wakiipanda kwa amani miaka yote hii. Hakuogopa. Alihisi kile alichohisi jikoni jioni ile ya sufuria, kwamba kitu kikubwa kilichokuwa mbele yake maisha yake yote kilikuwa kimegeuka kidogo tu, na kikaonyesha ukubwa wake.

"Huo ulinganishi wako," alisema Mzee Yacoob. "Unaweza kumtafuta mtu? Yule aliyeshuka melini. Kwao wapi, kabla ya karani."

Sultan aliitikia kwa kichwa mara nyingi, akimkonyeza Nasibu aseme ndiyo.

"Jina lake huenda nisilipate," alisema Nasibu. Sultan alifumba macho. "Kwao, pengine. Kimakua cha hapa kimekaa peke yake miaka mia na ishirini na tano. Kina maneno ambayo Wamakua wa kwetu Masasi hawayasemi tena, na mengine wanayasema upande mmoja tu wa Msumbiji. Nikiyakusanya ya kutosha, nikayalinganisha na ya kule, huenda nikajua alitoka upande gani wa mto gani. Huenda. Itachukua miaka, Mzee. Na yanahitajika sasa, maana wanaoyajua wamebaki wachache."

"Watatu," alisema Mzee Yacoob. "Wako ndani humo. Mama yangu ana miaka themanini na tisa. Wadogo zake si wadogo."

"Ningehitaji kukaa nao. Siku nyingi."

"Hawakai na mwanamume wa nje."

"Naelewa, Mzee."

"Huelewi," alisema Mzee Yacoob. Alikunja barua kwa mkunjo wake wa kwanza, akaitia katika mfuko wa kifua wa kanzu yake. "Mkwe anakaa nao."

Nasibu hakuelewa mara moja. Muneera alimwona akiyapitia maneno yale taratibu, neno kwa neno, kama alivyopitia kadi, mpaka alipofika mwisho. Hapo aliinua macho. Hapakuwa na pazia kati yao wala meza, na alimtazama kwa uso wa mtu aliyesikia neno likisemwa katika lugha ambayo alikuwa ameamini haina tena msemaji aliye hai. Muneera aliutazama uso ule, hakuukimbia. Alitambua kwamba angeweza kuutazama hivyo miaka mingi, na kwamba sasa ameruhusiwa.

Sultan aliinua mikono. Alianza dua ndefu, Nabeel akamwambia kwa sauti ya chini, kwa lugha ya vijana wa mtaani, "Sharp, bra, imetosha," akampa mkono Nasibu bila kutabasamu, lakini alimpa.

Mzee Yacoob aliinuka kwenda chumba cha ndani kuwaarifu wazee. Alipofika mlangoni Bi Zubeida alimzuia kwa mkono. Alikuwa amejifuta uso kwa ncha ya mtandio, na sauti yake bado ilikuwa na unyevu.

"Siku nitaipanga mimi," alisema. "Na iwe kabla ya Ramadhani. Mama yako hana muda wa kungoja watu wanaofikiri polepole."